Macho ya Mtoto wa Udongo

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu wanaosikia habari hii huanza kwa kumtukana yeye, nami sipendi. Nilipomzaa Nuru tansio, presha ya damu, ilipanda, kiharusi kikaniangusha palepale kitandani, kitovu cha mtoto kikiwa bado kibichi. Ni yeye aliyenigeuza, akanisafisha, akanipangusa mate, akanisomea dua hadi sauti ikamwisha. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, ingawa unaburuta. Mkono wa kuume haukurudi. Ulibaki unaning'inia begani kama samaki kuhe aliyetundikwa kwenye kamba.

Basi nikawa nakula kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyenikataza. Ila chakula kikiletwa, kila mtu aliangalia sahani yake tu, nami nikajifunza kugeukia ukuta.

Nuru alipoanza kukaa mwenyewe, nilijaribu kumtoa kwenye beseni peke yangu. Mtoto ana sabuni, mkono ni mmoja. Aliteleza. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Alitupa ungo akamdaka, kichwa kikiwa karibu na saruji. Hakunigombeza. Alimfunga Nuru kwenye taulo akakaa naye chini, akimbana kifuani. Amezika watoto wengi kuliko aliobaki nao, huyo mama. Tangu hapo Nuru aliletwa kwangu kama mgonjwa anavyoletewa chakula: mto juu ya mapaja, mtoto juu ya mto, ananyonya, anaondolewa.

Halafu Nadia akaja kutoka Mboko. Nadia ni wifi yangu, dada ya mume wangu Haruna. Ameolewa kitambo, hajapata mtoto. Mimi, Hawa, nilikuwa nyuma ya pazia, nikimsikia.

"Mama, munipatie mi ule mutoto," alisema. "Hawa atakuwa anakuja kumuona. Mi niko na nafasi, mihogo iko, na mikono iko mbili."

Haruna alikuwa amekaa nao. Haruna anauza ndakala, dagaa wa ziwani, kule Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Anaweza kubishana bei na mchimbaji aliyelewa, lakini mbele ya mama yake na dada yake hana ulimi.

Nilitoka nyuma ya pazia. "Mama, ni mutoto wangu."

"Hakuna mwenye anabisha," mama mkwe alisema. "Lakini akianguka tena, nani atamudaka? Mi naanza kuzeeka." Alinisogezea kigoda. "Sikiliza, mama Nuru. Ramazani inaingia. Siku ya Idi bandugu bote batakuwa hapa. Mbele yao utamutwaa Nuru pale chini, umutie mugongoni, umufunge na kikwembe, umushushe. Bila mukono ya muntu. Ukiweza, mi nafunga kinywa, na Nadia anafunga kinywa. Ukishindwa, mutoto anaenda Mboko."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Kituo cha walemavu kiko hapa Baraka, karibu na ziwa, banda la mabati lenye kuta za shitingi, yale maturubai ya plastiki. Anayefanya kazi pale ni Wilfried, kijana wa Bukavu. Watu humwita muganga wa mikono. Hana vidonge wala sindano. Ana udongo, nyuzi, shanga, rangi za maji na magazeti ya kuchorea, na vijana wa moto, madereva wa pikipiki, wakipita nje hutuita watoto wa chekechea kwa kelele, "Shule ya gardienne imefunguliwa, batoto bazee muingie!"

Siku ya kwanza alinipa donge la udongo.

"Muganga," nilimwambia, "mi nilikuja unirudishie mukono. Unanipa matope?"

"Pokea tu, mama Nuru." Aliyesema hivyo alikuwa Dorothée, mwanamke kutoka milima ya Fizi, ambaye mguu wake ulikatwa chini ya goti baada ya risasi. Alikaa kwenye mkeka akifinyanga chungu, kazi aliyofundishwa na bibi yake tangu utotoni. "Mi aliniambia nichore ndege. Nikamwambia, muganga, mi niko Mubembe, ndege namukula, hapana muchora."

Wilfried alicheka pamoja nasi, kisha akauchukua mkono wangu wa kuume akaulaza juu ya udongo. "Huu mkono haukufa," alisema. "Umesahau njia. Nikikuambia kunja na kunjua, utachoka leo, kesho hutakuja. Lakini ukitengeneza kitu, jicho lako litakuwa linataka kukiona kimekwisha, na mkono utavutwa nyuma ya jicho. Udongo hauna haraka. Ukiubonyeza kidogo, hicho kidogo kinabaki, unakiona."

Nilitengeneza bakuli, likaanguka upande. Nilitengeneza mbuzi, na mguu wa nne ukakataa kushika.

"Muache hivyo," Dorothée alisema. "Ule njo ndugu yangu."

Wiki zikaenda hivyo, tumbo tupu kwa saumu, mkono wa kushoto ukifinyanga na wa kuume ukilala juu kama jiwe la kukandamizia. Jioni, kwa kushoto, nilijaribu kufunga kikwembe mgongoni bila kitu, nikaona ni bure. Kikwembe kitupu hakina uzito, hakikuvuti nyuma, hakikuogopeshi. Na Nuru mwenyewe sikuruhusiwa kumwinua. Ndipo nilipomwambia Wilfried, "Nataka kutengeneza mutoto."

Alikuwa na hamu kuliko mimi. Tulishona kifuko cha mchanga kiwe kiwiliwili. Alitaka kumpima Nuru kwenye mizani ya zahanati. Nikamwambia hakuna haja, paja langu linajua uzito wake. Alinimiminia mchanga, nami nikawa nasema bado, bado, hadi paja likakubali. Kichwa, mabega na miguu tulivifanya kwa udongo wa mto Mutambala, Dorothée akinionyesha jinsi ya kuchanganya vigae vilivyosagwa ili usipasuke ukikauka.

Sikujua kwamba nina kipaji. Hakuna aliyejua. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulifanya kazi za aibu tu, ulitoa sikio la Nuru, lile la kulia lililokunjika juu kidogo. Ulitoa mashavu. Ulitoa ule mfinyo chini ya kidevu ambao maziwa hujificha humo. Watu wa kituo waliacha kazi zao wakaja kutazama. Tangu kiharusi nilikuwa kitu cha kuhurumiwa, na sasa walikuwa wanaangalia kazi yangu, hawaniangalii mimi.

"Sasa acha uso hivyo," Dorothée alisema kwa sauti ndogo. "Laini. Usimutie macho. Kwetu kitu chenye macho kinaangalia."

"Hata kwetu," nilisema. Nimesoma madrasa, najua anayetengeneza sanamu yenye uso kamili ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho. Niliazimia kuuacha uso laini.

Wilfried alinilaza mkono wa kuume juu ya kile kichwa, kama kila siku, ili ukandamize. Mimi nilikuwa nafikiria futari. Kidole gumba kikaingia.

Hakikusukumwa na mtu. Kiliingia chenyewe kwenye udongo mbichi, kikabonyeza, kikatoka. Pale kilipotoka pakawa na shimo la jicho.

Nilikiangalia kidole changu. Nilikiambia moyoni, fanya tena. Nilijikaza hadi jasho likanidondoka puani, na kidole kikakaa, kikakaa, kisha kikainama. Jicho la kwanza lilikuwa bahati. La pili nililitaka.

Wilfried aliondoka akasimama nyuma ya shitingi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Dorothée hakulia. Alivuta kitambaa akafunika kile kichwa.

"Ufute," alisema. "Chukua maji kidogo, ulainishe. Kidole kimeamka, basi, kazi yake imekwisha."

"Yaya Dorothée, dada yangu, hiki njo kitu cha kwanza hii mukono imefanya tangu Nuru azaliwe. Siwezi kufuta."

Alirudi kwenye chungu chake. Tulimweka kivulini akauke, na macho yake.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi. Kikwembe nilichotumia kilikuwa cha Nuru mwenyewe, cha kijani, nilikitoa nyumbani kwa kuwa nilitaka mikono izoee kitambaa chenyewe. Unapiga goti. Unamvuta mtoto kwa mkono mzima hadi kwenye kiuno, unainama kama unayechota maji, unamtambaza mgongoni. Kikwembe kinapita juu yake. Ncha moja unaibana chini ya kwapa la mkono mgonjwa, ncha nyingine unaiuma kwa meno. Halafu ndipo mkono mzima unazunguka na kufunga. Mwanzoni yule wa udongo alianguka mara nyingi hadi Dorothée akasema huyu mtoto ana kichwa kigumu, atakuwa mwanasiasa. Siku za mwisho wa mfungo hakuanguka tena.

Ilikuwa katika siku hizo Nuru alipopata homa.

Sikujua. Nilimwacha asubuhi anacheka. Homa ilipanda mchana, muuguzi wa zahanati akataka mama anyonyeshe, na mama mkwe akaja mwenyewe kituoni kuniita, kwa miguu, katika lile jua, akiwa amefunga. Mimi nilikuwa nimempa mlango mgongo, nikimbembeleza yule wa udongo na kumwimbia, kwa sababu Wilfried alisema nijizoeze kutembea naye.

Nilisikia pumzi ya mtu nyuma yangu. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anaangalia kikwembe cha kijani. Alikuwa amemwacha Nuru anaungua mikononi mwa jirani, na hapa anaona Nuru yuko mgongoni kwangu. Alizunguka polepole, akainama, akaona uso.

"Mama," nilisema, "ni udongo. Ni kazi ya—"

"Mutoto iko na homa," alisema. "Njoo umunyonyeshe." Akatoka. Njia nzima alitembea mbele yangu.

Ilikuwa malaria. Muuguzi alimpa dawa, na kesho yake Nuru alikaa akala ndizi. Lakini mama mkwe hakuweka tena mtoto juu ya mapaja yangu bila kwanza kusoma na kumpulizia. Wilfried alikuja nyumbani kueleza. Alivaa shati safi, akavua viatu mlangoni, akakalishwa vizuri.

"Mama, kule kwetu kazi ya mikono ni dawa," alisema. "Mtu anatengeneza kitu, mwili unajifunza."

"Dawa nazijua," mama mkwe alisema. "Nimekunywa nyingi. Yenye kuwa na macho sijaona."

"Macho ni mkono wake mgonjwa ulioyafanya. Ni habari njema, mama."

"Hiyo mukono ilikufa siku ya uzazi. Sasa inaamka, na inaamka kwa kutengeneza mutoto mwingine, na kumuvika nguo ya mutoto wangu, na siku ileile mutoto wangu anaungua. We muganga, kama ni mutoto wako, ungesema ni habari njema?"

Wilfried alikunywa maji aliyopewa, akavaa viatu, akaenda.

Siku ya Idi, ndugu walitoka msikitini wakala pilau. Mimi nilikula nimegeukia ukuta. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimevaa kanzu isiyoteleza mgongoni. Nilingoja wamlaze Nuru chini, lakini mama mkwe alinawa mikono akasema, "Mbele ya yote, kile kitu kitoke juu ya dunia. Ndiyo tuongee."

Haruna akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa, juu ya nini ulikitia macho?"

"Kidole kiliweza," nilimjibu. Nilimwonyesha kidole. Nilijaribu kukiinamisha pale mbele ya watu wote, na kwa haya na hofu kikakataa.

Tulikwenda kituoni sote, tukiwa na nguo za sikukuu. Wilfried alijitolea kukivunja kwa nyundo. Mama mkwe akakataa: aliyekileta ndiye akipeleke majini, ziwani, kiyeyuke kirudi kuwa matope. Haruna alipiga hatua anisaidie kukibeba, akakitazama usoni, akarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kukigusa.

Kwa hiyo nikapiga goti.

Sikufikiria. Niliufuata mwili. Nilikivuta kiunoni, nikainama, nikakitambaza mgongoni, kikwembe juu, ncha kwapani, ncha menoni, mkono ukazunguka, fundo likakaza. Nikasimama wima. Nilipoinua macho niliona Nadia ameshika mdomo wake kwa viganja viwili.

"Mama," Haruna alisema, na sauti yake ilipanda, "umeona? Umeona ameweza? Bila mukono ya muntu."

"Nimeona," mama mkwe alisema. Alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. "Nimeona namna kile kitu kinamushika. Hakianguki. Mutoto wa damu yake alimwanguka, hiki hakianguki."

Nilikwenda nacho hadi ziwani, nikaingia hadi magotini, nikakishusha. Udongo mkavu ukiingia majini hutoa hewa yake. Mapovu yalianza kupanda puani na kwenye macho, madogomadogo, mfululizo, kama mtu anayepumua chini ya maji. Nyuma yangu ndugu walianza kusoma kwa sauti. Nilisimama pale hadi sikio lile lililokunjika likalainika na kuanguka. Nilijua kuwa ni hewa tu. Hata hivyo nililia kama ninayezika.

Siku ile hakuna aliyemlaza Nuru chini ili nijaribu, na asubuhi aliondoka na Nadia kwenda Mboko.

Siwezi kueleza siku zilizofuata. Maziwa yalijaa, yakaganda, nikawa nayakamua kwa mkono mmoja ndani ya kikombe na kumwaga nyuma ya choo. Kituoni sikwenda. Mama mkwe aliniletea uji na majani ya kukanda matiti, akanikanda yeye mwenyewe, kwa upole, bila kuniangalia usoni. Nilitaka kumchukia nikashindwa; mikono yake ilikuwa ileile iliyonisafisha.

Jioni moja Haruna alirudi kutoka barabarani, amezima telefone na kuishika kama kitu cha moto. Alingoja mama yake aingie kuswali.

"Nadia anasema mutoto anakataa uji," aliniambia. "Anakataa kikombe, anakataa chupa. Analia mpaka anakauka. Mama amemwambia atazoea."

"Na we unasema nini?"

Aliangalia miguu yake. "Mi narudi Misisi kesho," alisema.

Niligeukia ukuta hata mbele yake. Lakini asubuhi, mama mkwe akiwa sokoni, na Haruna ameshaondoka, moto ilisimama mbele ya nyumba. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufi, injini hakuizima.

"Mama Nuru? Bwana yako alinisemesha. Alisema nikupeleke Mboko, niendeshe polepole, juu we unashika na mukono moya."

Sikuchukua hata kikwembe cha kubadili. Barabara ile mnaijua kwa mashimo. Nilijifunga kwenye shati la yule kijana kwa vidole vya kushoto, na kila tulipoingia shimoni kifua changu kililia maziwa.

Nadia alikuwa amesimama mlangoni, Nuru kiunoni. Mtoto alikuwa amekonda usoni, sauti imekwisha, anatoa mkwaruzo tu. Nadia naye hakuwa amelala. Kitambaa cha kichwa kilimkaa upande.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Hapana."

Aliangalia barabara upande wa Baraka, kisha upande wa Uvira. Majirani walikuwa wanamenya mihogo wakitutazama. "Pitia nyuma," alisema.

Nyuma ya nyumba, kando ya mafiga, nilikaa kwenye kigoda na Nadia akamweka Nuru mapajani pangu. Hapakuwa na mto. Nuru alishika titi kama anayelipiga. Nadia alisimama na kutuangalia.

"Nilifikiri atanizoea," alisema. "Nilimuimbia nyimbo yote yenye najua."

"Atakuzoea, wifi. Iko mutoto muzuri. Lakini sasa iko na njaa."

Alifuta macho kwa ncha ya kikwembe chake. "Mi siwezi kumurudisha. Mama atasema nimerudisha mutoto kwa… we unajua atasema nini. Na mi pia niliona yale mapovu, Hawa. Siwezi kudanganya, niliogopa."

"Najua."

Tulingoja hadi Nuru akaachia titi. Hakulala. Alinivuta sikio, akatazama huku na huku, mzito, mzima.

"Nipe kikwembe," nilimwambia Nadia.

Alisita. Kisha akafungua chake cha juu, akanipa.

Nilipiga goti kwenye vumbi. Nilimvuta Nuru kiunoni, nikainama, nikamtambaza. Na hapo nikajua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kule kituoni: udongo hautikisi miguu. Nuru alipiga teke, akacheka kwa ile sauti iliyokwaruza, akajisukuma upande. Ncha ikachomoka kwapani. Nilimshika kwa kushoto nikamrudisha chini.

"Hawa, mi namutia," Nadia alisema.

"Hapana, wifi. Ngoja."

Nikainama tena. Safari hii nilimpa muda, nikayumba kidogo, kushoto, kulia, kama wanavyoyumba akina mama wote, hadi miguu ikatulia. Kikwembe kikapita juu. Ncha moja nikaiuma. Ya pili niliibana kwapani, na nikaliamuru kwapa lile lililolala libane, libane tu, lisifanye lolote lingine duniani.

Nadia alikuwa amepiga magoti nyuma yangu. Alikuwa ametandaza mikono yake miwili chini ya mtoto, wazi, bila kumgusa.

"Endelea," alisema. "Niko naona. Endelea."